Sherifu Alikuwa Anajenga Nyumba

Mwaka 1997 nilikuwa darasa la sita, Morogoro, na katika mambo ya picha nilikuwa na uhakika na kitu kimoja: steringi hafi. Anayekufa ni adui, na akishaanguka habari yake imekwisha, tunamsubiri anayefuata.

Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya soko. Bati juu, maturubai pembeni, mabenchi, runinga moja, na deki iliyofungiwa kwenye kisanduku cha mbao chenye kufuli. Kiingilio shilingi 50. Kwenye ubao wa mlangoni siku hiyo waliandika kwa chaki KAUBOI, basi. Jina nilikuja kulijua ukubwani: Unforgiven, ya mwaka 1992, Clint Eastwood akiigiza na kuiongoza mwenyewe. Ilishapata Oscar ya picha bora zamani, wakati sisi bado tunabishana kama Bruce Lee angemweza Schwarzenegger.

Ilianza vibaya. Steringi mzee, kafiwa na mke, anafuga nguruwe. "Kumbe muuza kitimoto!" mtu akapaza sauti, kibanda kizima kikaangua kicheko. Akabwagwa matopeni. Akalenga kopo kwa bastola, akalikosa, akalikosa tena. Kupanda farasi tu ilikuwa shughuli. Wa mbele wakaanza kudai hela zao, na kaka aliyekuwa akitutafsiria akawa anabembeleza, "Jamani tulieni, atachangamka."

Sherifu, mkuu wa polisi wa mji ule, ndiye aliyetuchekesha. Mkatili, lakini anajijengea nyumba kwa mikono yake, na paa linavuja kila mahali. Nasi tumekaa chini ya bati linalovuja, masika ya Aprili yanatudondokea kisogoni.

Halafu kijana mmoja wa upande wa maadui akapigwa risasi ya tumbo, kule korongoni. Huyu hakufa kama maadui tuliowazoea. Alichukua muda. Alilia kiu, na wenzake wakaogopa kutoka mafichoni, hadi steringi, yeye yule aliyempiga, akawapigia kelele wampe maji, hatafyatua. Mtafsiri alisema "anaomba maji" mara moja, akanyamaza. Picha za zamani tulizokuwa tukionyeshwa zilijaa maiti, tena kuliko hii, ila sikuwahi kumwona maiti wa kauboi aliyeona kiu kwanza.

Nikakumbuka sufuria.

Alhamisi ya wiki ile kijana alikamatwa sokoni na sufuria mbili zisizo zake. Kelele za mwizi zilitukuta tukitoka shule. Nilimkuta ameketi chini, kandambili moja mguuni, jicho moja limezibwa na damu. Mama muuza uji akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Tukamzomea, mimi mmojawapo, nimevaa kaptula ya shule, mpaka akarudi nacho kikiwa kimejaa. Kisha nikaokota jiwe. Dogo, kama ndimu. Lilimpata begani, akageuka, akanitazama mimi na si mwingine. Difenda ya polisi ikaja, wakamrusha nyuma, ikaondoka. Nyumbani nilisimulia yote isipokuwa jiwe.

Kwenye runinga kulikuwa na mwingine, kijana asiyeona mbali, aliyekuwa akijigamba ameshaua watu watano. Akamkuta mtu chooni, suruali chini, akammiminia risasi. Kibanda kikacheka kwa sababu ya choo. Baadaye yuko chini ya mti na chupa ya pombe, anatetemeka, anakiri kwamba huyo ndiye wa kwanza. Hapo sikucheka. Niliyatazama magoti yangu.

Nisijifanye mtakatifu, lakini. Rafiki wa steringi alipopigwa hadi kufa na maiti yake kuwekwa nje ya baa, steringi akarudi usiku wa mvua, na sasa bunduki haikosi. Mtafsiri akasimama, "Si niliwaambia!" Miluzi, benchi linapigwa kama ngoma. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma.

Sherifu yuko sakafuni, mtutu usoni. Akasema hastahili kufa vile, alikuwa anajenga nyumba. Mtafsiri alipolitamka hilo watu walicheka kuliko pale pa kitimoto.

Tulirudi na rafiki yangu tukirukaruka madimbwi, yeye akifyatua vidole huku na huku, pa, pa. Tulipofika kwao akasita mlangoni.

"Sasa ile nyumba ataimalizia nani?"