Si Kila Wekundu wa Uso ni Lupasi

Nairobi, Julai, mawingu wiki nzima

Kuna jambo linalonikera kila ninapowafikiria watu wanaoishi hapa mjini na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Uso ukianza kuwaka, lawama ya kwanza ni ya lupasi. Mgonjwa anasema imeamka, nyumbani wanasema imeamka, na daktari mwenye foleni hadi mlangoni anaongeza prednisoloni, steroidi inayopunguza makali ya kinga, bila hata kuligusa shavu lenyewe. Pengine ni lupasi kweli. Lakini ngozi hiyo ina wakazi wengine, na dozi ikipanda bila sababu, wao ndio wanaoneemeka.

Hao ni utitiri wa demodeksi. Demodex folliculorum ana urefu wa milimita 0.3 hadi 0.4 na hukaa ndani ya kinyweleo, kichwa chini. Demodex brevis ni kama nusu yake, naye hujichimbia kwenye tezi za mafuta, zikiwemo zile za ukingo wa kope. Karibu kila mtu mzima anao. Wanakimbia mwanga, hutoka usiku kujamiiana juu ya ngozi, na huishi wiki mbili hadi tatu tu. Kuwa nao si uchafu. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu wapo dada zetu wanaosugua uso kwa sabuni ya kufulia wakidhani ni usafi uliopungua, na ngozi iliyochubuka huwaka zaidi.

Kinachobadilika ni idadi. Kinga ya mwili ndiyo inayowazuia wasizidi, na dawa za kupunguza makali ya kinga hulegeza ulinzi huo. Linaloharibu zaidi ni krimu kali za steroidi zinazopakwa usoni, klobetasoli na bethametasoni, ambazo watu huuziwa bila cheti, au hupaka bila kujua zikiwa zimechanganywa kwenye krimu za kung'arisha. Siku za mwanzo uso hutulia kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo. Mishipa midogo imebanwa, uvimbe umezimwa, huku wadudu wanazaliana bila kusumbuliwa. Ukiacha ghafla, baada ya siku chache uso huwaka kuliko mwanzo, nawe unairudia krimu ile ile. Kutoka humo kunataka daktari wa ngozi na subira ya wiki kadhaa. Prednisoloni ya vidonge ni habari nyingine: hiyo usiikatize mwenyewe hata siku moja, kwa sababu tezi za adrenali, zile za juu ya figo, zinaweza kuwa zimelala na mwili ukakosa homoni ya kuuendesha. Haidroksiklorokwini, dawa ya kila siku ya lupasi, nayo haihusiki, iache iendelee.

Namna ya kuutazama uso nayo ina kazi yake. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwetu wekundu huja kama hudhurungi iliyokolea, au zambarau, au giza tu ambalo mtu hudhani ni kuungua na jua. Kaa karibu na dirisha, mchana. Weka mgongo wa vidole shavuni, kisha shingoni, ulinganishe joto. Bonyeza kioo safi kwa sekunde chache: rangi ikififia ni damu iliyojaa mishipani, ikibaki huenda ni damu iliyovuja nje ya mishipa, au doa la rangi ya ngozi, na doa haliondolewi kwa dawa ya wadudu wala ya lupasi.

Kipele cha kipepeo cha lupasi hupita juu ya pua na mashavu, kikaruka mifereji inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Hakina usaha. Mara nyingi hufuata jua, na huandamana na uchovu, viungo kuuma au vidonda vya mdomoni. Demodeksi huleta vipele vidogo, baadhi vyenye ncha ya usaha, na ukipitisha kidole ngozi ni kama msasa laini, yenye magamba meupe kwenye vinyweleo. Huwasha au huchoma, na huweza kuzidi upande mmoja. Giza likiingia hadi ndani ya ile mifereji, kope zikawa za zambarau na vifundo vya vidole vikavimba magamba, mwambie daktari afikirie dermatomayosaitisi, ugonjwa mwingine wa kinga unaoshambulia ngozi na misuli. Na wakati wa mvua kuna yule mdudu mwekundu na mweusi anayebeba jina la jiji letu, Nairobi fly: ukimponda juu ya ngozi, baada ya siku moja au mbili unapata mstari wa malengelenge unaochoma. Mpulize aondoke, kisha osha kwa sabuni na maji.

Ningetamani kila kliniki ya lupasi iwe na mazoea ya kipimo kimoja cha kuhesabu demodeksi. Slaidi ya kioo huchorwa mraba wa sentimita 1 kwa 1 upande wa chini. Shavu hupanguswa mafuta kwa spiriti, likakauka. Tone moja la gundi ya sayanoakrileti huwekwa kwenye kioo, kioo hukandamizwa shavuni kama dakika moja, kisha huinuliwa polepole kikiwa kimeshika tabaka la juu la ngozi na vilivyomo vinyweleoni. Matone mawili ya mafuta ya hadubini, kifuniko, kisha kuhesabu kwa ukuzaji wa mara 40 na 100. Zaidi ya wadudu 5 kwa sentimita mraba ni wengi mno. Hukosea wapi? Shavu likiwa na mafuta, gundi haishiki, na jibu huja sifuri. Gundi ikizidi, hukauka kwa mapovu usione kitu. Sampuli moja nayo inaweza kuwakosa walioko chini. Ya pili, papo hapo ilipotoka ya kwanza, huwafikia. Kwa hiyo sifuri ya mara moja isimfungie mtu mlango. Gundi hiyo isikaribie jicho kamwe.

Tiba iliyothibitishwa vizuri kwa vipele hivi vya rosasea, yaani ugonjwa wa wekundu na vipele vya uso unaohusishwa na demodeksi, ni krimu ya ivermektini ya asilimia 1, mara moja kwa siku: kiasi cha punje ya njegere kwa kila sehemu kati ya tano, yaani paji, kidevu, pua na kila shavu, ukiyaepuka macho na midomo. Wiki ya kwanza hali inaweza kuzidi, kwa kuwa wadudu wanaokufa huachia yaliyomo ndani yao. Ipe krimu muda hadi wiki 12. Metronidazoli ya asilimia 0.75 hutuliza uvimbe bila kuwaua sana. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, husaidia, ila huifanya ngozi ichomwe na jua upesi, jambo zito kwa mwenye lupasi. Haifai kwa mjamzito, na isimezwe pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Minosaiklini ningeikwepa kabisa, kwani yenyewe inaweza kuzua lupasi.

Tafadhali, ile ivermektini ya agrovet iache pale pale. Chupa ya sindano ya ng'ombe nayo imeandikwa asilimia 1, lakini imeyeyushwa kwa kemikali zisizokusudiwa ngozi ya uso. Benzili benzoeti ya upele nayo huunguza uso.

Mawingu haya ya Julai yasikudanganye. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, karibu na ikweta, na miale ya jua hupenya. Kioo cha pembeni cha matatu huzuia UVB, miale inayounguza ngozi, ila hupitisha sehemu kubwa ya UVA, ile inayopenya ndani zaidi. Krimu ya kukinga jua ya SPF 50 yenye zinki, iliyo nyepesi, hufaa kuliko mafuta mazito ya mgando yanayoziba vinyweleo.

Na wenye ugonjwa wa Sjögren, ambao macho yao huwa makavu siku zote: mwombe daktari wa macho atazame shina la kope ukiwa umeangalia chini. Vipete vya magamba vinavyozunguka shina ni alama ya demodeksi, na matone ya machozi ya bandia peke yake hayatawagusa. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kisha kusafisha ukingo wa kope kila siku, ni mwanzo mzuri. Mafuta ya mti wa chai yasiyochanganywa yasiwekwe hapo, yanaunguza jicho.