Dar mpaka Tanga mpaka Pangani: tope la bandarini nani analipa?

Basi lilitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, Segera tukashuka kula, Muheza watu wamejaza machungwa mpaka kwenye korido, na mimi safari hii nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani, nataka kuiona bandari ya Tanga kwa macho yangu baada ya ule mradi mkubwa wa kuongeza kina.

Nilikaa bustani ya Jamhuri maana pale ghuba yote unaiona. Pembeni yangu kulikuwa na mzee, nikamwamkia, kumbe miaka mingi alifanya kazi kwenye matishari, yale majahazi bapa ya mzigo yanayovutwa. Akanieleza zamani ilivyokuwa, gatini kina mita 3 tu, meli inatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye tishari, tagi, ile boti ya kuvuta, linavuta mpaka gatini, halafu mnashusha tena. Yaani mzigo mmoja unalipiwa kazi mara mbili, ndo maana wafanyabiashara wengi wa Moshi na Arusha walikuwa wanaona bora Mombasa. Serikali ikaweka kama shilingi bilioni 429, kina kikafika mita 13, gati la mita 450 likajengwa na sasa meli inafunga kamba hapohapo.

Nikamwambia mzee sasa Tanga mmepona. Akasema, "Kuchimba wamechimba mwanangu, ila tope si linarudi?"

Hapo ndo penyewe. Masika mto Sigi unashuka kutoka Usambara na udongo, Mkulumuzi nao hivyohivyo, na bandari ni kama shamba, ukishalima lazima urudi kupalilia. Hela ya mradi mpya huwa inapatikana, Dar mwaka 2017 ilipata mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 345 kuongeza kina gati namba 1 mpaka 7, na kwa kazi ya mara moja kama ile mimi sina shida na mkopo. Ila kuondoa tope kila baada ya muda ukakopee tena? Hapana jamani.

Wamarekani tangu 1986 wana kodi yao kwa kazi hii, leo ni asilimia 0.125 ya thamani ya mzigo, yaani mzigo wa dola 10,000 unalipa dola 12 na nusu. Mwaka 1998 Mahakama yao ya Juu ikaiondoa kwa mizigo inayouzwa nje kwa sababu katiba yao hairuhusu kutoza kodi bidhaa zinazotoka. Kinachoniuma zaidi ni hiki, hela ilikusanywa na haikutumika yote, ikalimbikizana mpaka zaidi ya dola bilioni 9 huku bandari zinalalamikia kina, mpaka 2020 ndo wakarekebisha sheria itoke. Kwa hiyo kutoza peke yake hakutoshi, lazima sheria iseme hela hii ni ya kina na itoke kila mwaka.

Kwetu tozo ya wharfage, yaani ya kupitisha mzigo gatini, ipo tayari, wala sisemi iongezwe, nasema kipande chake kifungwe kwa kazi hiyo tu. Kuna wanaosema anayetumia bandari alipie bandari yake mwenyewe basi, nilikuwa nakaribia kukubali mpaka nilipofika Pangani.

Pangani karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilikuwa inashukia pale, mji wenye jina pwani nzima. Mdomo wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii, Wajerumani wakaanza reli yao Tanga mwaka 1893 na biashara ikahamia huko. Leo unaona kivuko cha kwenda Bweni ng'ambo ya mto, mitumbwi ya wavuvi, na majengo ya zamani yanabomoka. Ukisema kila bandari ijilipie, Pangani itatoa wapi, mzigo haupo kwa sababu kina hakipo, na kina hakipo kwa sababu mzigo haupo. Hapa ndipo bandari ya Dar lazima ibebe wadogo zake, Pangani, Kilwa, Lindi, na mimi naona asilimia 10 ya kile kipande kilichofungwa ingetengwa kwa ajili yao kabla Dar haijagusa.