Namna nilivyokipata kipimo cha upepo wa matairi ya gari langu

Kwa takribani miaka miwili gari langu dogo, lililotumika Japani kabla ya kufika Dar es Salaam, lilijazwa upepo kwa kipimo alichokichagua fundi pancha wa mtaani kwetu, nami sikuwahi kumuuliza alikokitoa. Nilimuuliza siku nilipoona kwamba matairi ya mbele yameanza kuwa vipara katikati, ilhali kingoni bado yana michirizi yenye kina. Akanionyesha namba 44 iliyochapwa ubavuni mwa tairi, akasema, "Bosi, mwenye tairi kaandika mwenyewe."

Ni kweli kaandika, lakini namba ile ni ukomo wa juu ambao tairi haliruhusiwi kuupita. Haijui tairi limefungwa kwenye gari gani wala gari hilo lina uzito gani. Kipimo cha gari langu nilikikuta kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, ambacho nilikuwa nikikipuuza kila siku kwa sababu kimeandikwa Kijapani. Namba, hata hivyo, hazihitaji mkalimani: mbele kilopaskali 230, nyuma 220, na ukigawanya kwa 6.9 unapata takribani 33 na 32 kwa PSI, kizio cha msukumo wa upepo kinachosomwa kwenye geji, ambacho ndicho cha ile 44 pia. Nilihakikisha pia kwamba ukubwa wa matairi uliotajwa pale ndio wa matairi niliyofunga, maana vikitofautiana, namba hizo hazitumiki hivi hivi.

Kilichonisumbua zaidi ni wakati wa kupima. Mara ya kwanza nilipima kituo cha mafuta, mchana wa jua kali, nikitokea Mbagala. Geji ikasoma 36 mbele, nikapunguza hadi 33 na kujiona nimemaliza kazi. Kesho yake alfajiri ilisoma 30. Tairi likipata moto msukumo wa upepo wake hupanda, na kipimo cha kibandiko ni cha tairi lililopoa, yaani gari likiwa limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi. Ndiyo maana nilinunua geji yangu na pampu ndogo inayochomekwa kwenye kiberiti cha gari, nami hupima nyumbani kila mwezi kabla ya kuwasha gari.

Tairi la akiba, lile jembamba, nililisahau kabisa hadi tulipokuwa tukijiandaa kwa safari ya Dodoma: lilitaka kilopaskali 420, takribani PSI 61, nalo lilikuwa na 20.