Julai 12, Hakata: siku niliyobeba matango

Saa 12:15 asubuhi

Naishi Hakozaki, mashariki mwa jiji la Fukuoka, Japani, si mbali na msikiti wa Al Nour. Nasoma siku za wiki, Jumamosi nasafisha vyumba vya hoteli. Leo nimefungasha wali wa jana, samaki wa kukaanga na kachumbari, maana mtu wa Tanga bila kachumbari anakula nini? Hiyo kachumbari itaniaibisha baadaye, lakini saa hizi iko salama kwenye kikapu cha baiskeli.

Julai hapa ni joto la kubandika nguo mwilini. Tarehe 9, jioni, wanaume wa Hakata, sehemu ya kale ya jiji hili, walikuja mbio mpaka ufukweni kwetu Hakozaki kuchota mchanga. Mchanga huo huwekwa katika kikapu kidogo cha mwanzi na kutundikwa mlangoni. Mtu akitoka nyumbani hujinyunyizia punje mbili tatu, arudi salama. Yote hayo ni matayarisho ya yamakasa, sikukuu ya kukimbia na majukwaa mazito mabegani, inayoendelea kuanzia tarehe 1 hadi 15.

Saa 1:10 asubuhi

Kabla ya kazi hupitia Kushida, hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, ambalo wenyeji wanasema lilianza mwaka 757. Mimi siinami wala sipigi makofi. Nakaa tu kwenye ubao kivulini nikinywa chai yangu ya chupa, na hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya nini. Wazee wanakuja mmoja mmoja: wanaosha mikono, wanatupa sarafu, wanainama mara 2, wanapiga makofi 2, wanainama tena mara 1, haoo wanaondoka. Hata dakika haiishi.

Nikiingia lazima niangalie juu. Kwenye dari la lango kuna duara lenye wanyama 12, na mshale unaoonyesha upande wenye heri mwaka huu. Kila Desemba 31 mshale unageuzwa. Upande mwingine wa uwanja kuna mawe mazito ya mviringo, zawadi za wacheza sumo, maana mashindano yao makubwa ya Novemba hufanyika jiji hili.

Halafu kuna jukwaa lenyewe la yamakasa, la mapambo, lenye urefu wa zaidi ya mita 10, limejaa wanasesere wa mashujaa, mawimbi na maua ya rangi za kuumiza macho. Zamani majukwaa marefu hivi ndiyo waliyobeba mitaani. Zilipokuja nyaya za umeme, hayakupita tena. Ndiyo maana leo yako ya aina mbili: marefu ya kutazamwa, na mafupi ya kukimbia nayo.

Asili ya yamakasa inasimuliwa hivi. Mwaka 1241 maradhi yaliingia Hakata, na mtawa mmoja wa Kibuddha, Shoichi Kokushi, akabebwa juu ya jukwaa akinyunyizia mitaa maji mpaka maradhi yakaondoka. Mtawa wa Kibuddha, sikukuu ya hekalu la Shinto. Hapa hakuna anayeona ajabu.

Saa 3:00 asubuhi

Hoteli yetu iko Nakasu, kisiwa chembamba kati ya mto Naka na mto Hakata. Usiku ndio mchana wake: baa juu ya baa, jengo moja lina mabango ya baa kuanzia chini hadi juu kama mgongo wa kenge. Mimi starehe za Nakasu nazijua kwa mabaki yake. Kiatu kimoja cha kisigino kirefu. Makopo 9 yaliyopangwa piramidi juu ya televisheni. Tai imefungwa kwenye taa, na sijui kwa nini.

Wageni wanatoka saa 4, wapya wanaingia saa 9. Katikati hapo ni mbio. Unavua mashuka, unatenga taka (chupa huku, makopo kule, karatasi pengine), unasugua bafu, unakausha bafu, halafu unapiga magoti na kitambaa chenye unyevu kutafuta nywele sakafuni. Wiki iliyopita unywele mmoja tu ulinirudisha kuanza chumba upya. Shuka la chini nimeshalijua: pembe unaikunja kama bahasha, unaisukuma chini ya godoro kwa kiganja kilichonyooka, unavuta mara moja. Ukivuta mara mbili imeharibika.

Saa 6:30 mchana

Chumba cha kula cha wafanyakazi. Mwenzangu wa zamu ni mama wa miaka sitini na kitu. Jina langu limemshinda, ana shida na "l" na "r", kwa hiyo mimi ni Tanga-san ("san" ni ya heshima). Nikafungua kopo langu. Akaangalia, akaacha kutafuna.

"Tanga-san. Hayo ni matango?"

Nikasema ndiyo, nikamkaribisha. Akarudisha mwili nyuma utadhani nimemkaribisha nyoka. Akachukua kalamu, akachora kwenye kitambaa cha karatasi duara la tango lililokatwa, na pembeni yake nembo ya hekalu la Kushida. Jamani, pacha! Wanaobeba yamakasa na watu wa nyumbani kwao hawali matango mpaka tarehe 15 ipite, kwa sababu kulitafuna tango ni kama kuitafuna nembo ya mungu wao. Mumewe anabeba, kikundi cha Nakasu. Mwezi huu hayaingii kabisa nyumbani kwake.

Nilifunika kopo, nikalirudisha kwenye friji. Akaniwekea kipande cha yai kwenye wali kunifariji.

Saa 9:05 alasiri

"Otsukaresama," tunaagana. Ndiyo "pole na kazi" yetu hiyo hiyo, na sijapata lugha nyingine iliyonipa neno hilo bila kutafuta.

Nikavuka daraja, nikakata kwenye soko lenye paa la Kawabata, nikafika Kushida nikiwa nimebanwa na watu pande zote. Leo ni mazoezi ya mbio kubwa. Mbio zenyewe ni tarehe 15, saa 11 kasoro dakika 1 alfajiri. Ya leo ni saa 10 kasoro dakika 1 alasiri. Hiyo dakika 1 haichezewi.

Ngoma ikalia. "Oisa! Oisa!" Watoto wa kiume wakaja mbele na mbao za majina ya vikundi, na nyuma yao jukwaa la karibu tani nzima, chini yake wanaume zaidi ya 20, vijikoti vifupi juu, kibwebwe cha kitambaa chini, makalio wazi bila haya. Maji yanamwagwa kwa ndoo kila upande. Wanaingia uwanjani, wanazunguka bendera, wanatoka, na muda unahesabiwa hadi sehemu za sekunde. Anayechoka anachomoka, mwingine anaingia mahali pake bila jukwaa kusimama. Nililowa mpaka kwenye viatu.

Wanawake hawabebi. Yule mama wa zamu yangu alikuwa nyuma ya kamba na taulo begani, kimya, macho kwenye miguu ya mumewe tu. Nao hupikia sikukuu, na hilo kwenye picha za watalii halimo.

Saa 12:30 jioni

Kando ya mto wanapanga yatai, vibanda vya chakula. Kibanda kinakuja kikiwa mkokoteni uliofungwa kama sanduku. Mbavu zinafunguliwa, ubao unakuwa meza, mpira wa maji unaunganishwa, taa nyekundu inatundikwa, viti 8, tayari. Kabla ya kupambazuka lazima pawe peupe. Samaki mbichi hawaruhusiwi. Mvuke wa supu ya mifupa ya nguruwe umetanda, nami nashika mwendo.

Saa 1:45 usiku

Nilipita mlangoni kwa mume wa yule mama. Ana baa ya viti 8, ghorofa ya pili. Aliwahi kunipa kazi ya kuosha glasi, kwa malipo mazuri. Kibali cha mwanafunzi ni saa 28 kwa wiki, na baa zenye wahudumu wa kuwastarehesha wageni, kama hiyo yake, haziruhusiwi hata kuosha glasi, basi. Alikuwa anateremsha kreti za bia: suti nyeusi, nywele zimechanwa, na plasta kubwa ya dawa ikichungulia kwenye kola, begani. Yule yule wa ndoo za maji.

"Otsukaresama," nikamwambia. Akainama, akashika bega, akacheka.

Saa 2:40 usiku

Njaa. Nikavuka mto Mikasa nikidhani nimetoka Hakata, nikasimamisha baiskeli, nikashika kopo. Kumbe ng'ambo ile ni Chiyo, na Chiyo nao wana yamakasa yao. Nikapanda tena. Matango nilikuja kuyala Hakozaki, jikoni kwangu, dirisha limefungwa.