Kulisikiliza fumbo la taarabu hadi likuguse

Taarabu ya Mombasa haifunguki kwa kusikiliza mara moja. Udi na fidla hukuteka kabla maneno hayajatua. Nakili beti kwa mkono. Aghalabu ubeti una mistari mitatu, kila mstari mizani (silabi) 16, zikigawanyika 8 kwa 8. Hesabu silabi: zikipungua, huenda kuna neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, lililokupita. Kisha jiulize nani anasema, na anamwambia nani. Hapa ndipo wengi hupotea, nami hunisikitisha: hushika kiitikio peke yake wakadhani ni mapenzi matupu, kumbe ubeti wa mwisho ni lawama. Ua, ndege au jahazi visipewe maana moja ya kudumu. Vipime na mtu unayedhani ndiye anayesemwa, ubeti kwa ubeti, pasipolingana, usilazimishe.