Mkono wa mama ndani ya ungo

Jioni hii nimekaa na mama tukaangalia mwanzo wa Dr. Quinn, Medicine Woman, ile tamthilia ya Marekani ya 1993.

Michaela Quinn anatoka Boston, anafika Colorado Springs, watu wanaduwaa: kumbe daktari ni mwanamke! Telegramu ilikosea jina, wao wakamsubiri Michael.

Dada yangu yeye ni Sully tu, yule mwanamume anayependana na Michaela, na mapenzi yao.

Mimi hapana.

Mimi nimebaki pale Charlotte, mama anayekufa baada ya kuumwa na nyoka, anapomkabidhi Michaela wanawe watatu.

Mama, mkunga wa miaka mingi, aliacha kuchambua mchele. Mkono ukatulia ndani ya ungo.

"Watoto wa mwenzio..." akasema, asimalize.

Jamani, ninyi mlioitazama, ni wapi palipowagusa?