Tawi la Pili Ndilo Mtihani wa Mgahawa

Mwenye mgahawa mmoja unaojaa kila mchana huanza kusikia swali lilelile kutoka kwa wateja, ndugu na marafiki: wa pili utaufungua lini? Wanaouliza wanamtakia heri, lakini swali hilo limewaingiza wengi hasarani, kwa sababu kujaa kwa mgahawa hakuthibitishi kwamba biashara iko tayari kuzaa nyingine. Huenda unajaa kwa kuwa mwenyewe yupo mlangoni akiwapokea wateja kwa majina, anaonja kila sufuria kabla haijaepuliwa, na akimtazama mhudumu usoni anajua kwamba leo ana jambo linalomsumbua. Yote hayo yamo kichwani na mikononi mwake, na tawi la pili halina kichwa hicho wala mikono hiyo.

Nililishuhudia jambo hili kwa karibu nilipokuwa meneja wa tawi la pili la mgahawa mmoja. Tulihamisha kila tulichodhani kuwa ni muhimu: menyu, rangi za kuta, sare za wahudumu, hata aina ya vikombe. Wiki ya tatu, wateja waliotufahamu kutoka tawi la kwanza wakaanza kusema kwamba mchuzi si ule. Nikaenda kusimama kando ya mpishi mkuu wa tawi la kwanza, nikamwomba kila anapochota chumvi aimimine kwanza kwenye mizani. Kiganja cha kwanza kilikuwa na gramu 38, cha pili 44, cha tatu 31. Hata hivyo chakula chake kilitoka na ladha moja siku zote, kwa sababu kila baada ya kutia chumvi alionja, kisha akaongeza maji, akapunguza moto au akaongeza kidogo tena. Kijana tuliyemwajiri katika tawi la pili alikuwa amepewa karatasi iliyoandikwa "chumvi, kiganja kimoja", naye aliifuata kwa uaminifu kabisa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomkabidhi karatasi ile tukidhani tumemfundisha kupika.

Ilituchukua miezi miwili kuyaandika upya mapishi yote kwa gramu na dakika, pamoja na picha ya kila sahani inavyopaswa kuonekana inapofika mezani. Mpishi mkuu mwanzoni aliona kwamba tunamvunjia heshima, lakini ndiye aliyekuja kuwa mwalimu bora wa wapishi wapya, kwa sababu ni yeye pekee aliyeweza kueleza kwa nini moto hupunguzwa dakika ile na si nyingine.

Katika historia ya biashara hii, mfano ambao hunirudia mara kwa mara ni wa ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, wa San Bernardino, California. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda mgahawa uliokuwa ukiwapa faida nzuri, wakapunguza vyakula kwenye menyu kutoka 25 hadi 9, wakaupanga upya utaratibu mzima wa kazi. Baadaye, walipokuwa wakibuni jiko jipya, walilichora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi wa nyumbani, wakawataka wafanyakazi waigize kazi zao humo, ili waone nani anampisha nani na ni hatua zipi za bure. Ray Kroc, aliyefungua mgahawa wake wa kwanza wa jina hilo mjini Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, alikuta kitu ambacho tayari kingeweza kunakiliwa. Alichoongeza ni usimamizi mkali na mafunzo, kwani ndugu wale walikuwa wameshauza leseni chache kabla yake bila kuwa na uwezo wa kuzifuatilia. Mwaka 1961 aliwalipa dola milioni 2.7 wajitoe, na mwaka huohuo kampuni ikaanzisha chuo chake cha kufundishia mameneja.

Hapo ndipo huja suala la franchaizi, yaani kumpa mtu mwingine leseni ya kutumia jina na taratibu zako kwa malipo ya mrabaha. Harland Sanders, mwanzilishi wa migahawa ya kuku ya KFC, alienea kwa njia hiyo: mshirika wake wa kwanza, Pete Harman wa Salt Lake City, alianza mwaka 1952, na Sanders alipouza kampuni yake mwaka 1964 kulikuwa na migahawa zaidi ya 600. Kampuni ya migahawa ya hambaga ya In-N-Out, iliyoanzishwa Baldwin Park, California, mwaka 1948, imekataa njia hiyo hadi leo. Inamiliki matawi yake yenyewe, nayo huyafungua karibu na vituo vyake vya usambazaji ili nyama isigandishwe. Mimi naegemea upande huu wa pili, angalau kwa matawi matatu ya mwanzo, kwa maana si haki kumuuzia mtu utaratibu ambao wewe mwenyewe hujauona ukifanya kazi bila wewe kuwapo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Wengi katika kazi hii hujitahidi gharama ya chakula isizidi takriban theluthi moja ya mauzo, na chakula pamoja na mishahara visipite asilimia 60 hadi 65, kwa kuwa kinachobaki ndicho kinacholipa pango, umeme, matengenezo na mkopo. Ikiwa tawi la kwanza halijafikia hesabu hizo kwa mwaka mzima, la pili litaongeza tu ukubwa wa shimo. Aidha, tawi jipya hula fedha kwa miezi kadhaa kabla ya kusimama, na fedha hizo zitengwe mapema, zisichotwe kwenye malipo ya wanaouletea mgahawa wa kwanza bidhaa.

Kabla ya kutia saini mkataba wa pango, mwenye mgahawa aondoke kwa mwezi mmoja, asipige simu jikoni, kisha arudi alinganishe mauzo, upotevu wa stoo na malalamiko ya wateja na mwezi uliotangulia. Bosi wetu alifanya hivyo kabla ya tawi la tatu. Aliporudi alikuta mauzo hayajashuka, lakini mafuta ya kupikia yalikuwa yametumika kupita kiasi, kwa sababu hakuna mahali tulipokuwa tumeandika siku ya kuyabadilisha. Yeye alikuwa akiitambua kwa harufu. Ufunguzi ukaahirishwa, na wiki hiyo tukaongeza ukurasa mmoja kwenye daftari la jikoni.